Kiberenge cha Reli

Reli ipitayo Vwawa kwenda Tunduma ni ya TAZARA, iliyojengwa na Tanzania, Zambia na China kati ya mwaka 1970 na 1975. Nafasi baina ya vyuma vyake viwili ni milimita 1067. Ile ya Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1000 tu. Basi kiberenge cha njia moja hakiwezi kupita katika njia nyingine.

Mimi hupenda kutazama kiberenge kuliko garimoshi lenyewe. Ni kigari cha injini, nacho huwachukua mafundi wa njia pamoja na majembe na spana zao. Wakati wa mvua maji huteremsha matope na mawe mpaka pale barabara inapokata reli, yakajaa katika mfereji upitao ukingo wa gurudumu. Garimoshi ni zito, aghalabu huyaponda; bali kiberenge ni chepesi, huweza kupanda juu yake kikaanguka pamoja na watu. Kwa hiyo mafundi hushuka na kuuchokoa mfereji mpaka chuma kionekane. Majani nayo, yakipondwa juu ya reli yenye maji, huteleza kama sabuni, hata breki zisifae kitu.

Kazi ikiisha, kiberenge chenyewe hutazamwa. Ekseli hutiwa girisi, nati hukazwa, ukingo wa magurudumu hupimwa usiwe umelika. Breki hazipakwi mafuta kamwe! Wala hakiondoki tena bila ruhusa ya mkuu wa stesheni, maana yeye ndiye ajuaye kama garimoshi liko njiani.