Jaji Rawal na Mabinti wa Narok

Ndugu zangu wa Zuzu, Dodoma,

Safari hii nawaandikia habari za mirathi, maana simu zinazonifikia Nairobi kutoka huko siku hizi ni za mashamba tu. Tangu Serikali ihamie Dodoma, pori alilochungia mbuzi babu limegeuka viwanja, na kila ukoo unakaa kikao. Kuna jaji mstaafu mmoja wa hapa ambaye ningependa mmjue kabla hamjakaa kikao chenu.

Anaitwa Kalpana Rawal. Alizaliwa Bhuj, katika jimbo la Gujarat nchini India, mwaka 1946, akaja Kenya mwaka 1973 baada ya kuolewa. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu Idi Amin awafukuze Wahindi Uganda, na Mhindi yeyote Afrika Mashariki alikuwa akijiuliza kama zamu yake inakuja. Mwaka 1975 akafungua ofisi yake ya uwakili. Hapa husemwa kwamba hakuna mwanamke aliyemtangulia katika hilo nchini Kenya. Mwaka 2000 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu, baadaye akapanda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 akawa Naibu Jaji Mkuu. Alistaafu mwaka 2016, baada ya kesi ndefu kuhusu umri wa majaji kustaafu, kama ni miaka 70 au 74, ambayo hakushinda.

Vyeo hivyo magazeti yameviandika sana. Mimi namheshimu zaidi kwa hukumu moja ya mwaka 2008, katika shauri la mirathi ya Lerionka ole Ntutu, Mmasai wa Narok. Mzee alifariki akaacha familia kubwa. Mabinti walipotaka fungu lao, upande wa wana wa kiume ukajibu kwamba kwa mila ya Kimaasai binti harithi. Hawakuwa wakibahatisha. Sheria ya Mirathi ya Kenya ina kifungu cha 32 kinachoruhusu ardhi ya kilimo na mifugo katika wilaya kadhaa za wafugaji, Narok ikiwemo, irithiwe kwa kufuata mila. Katiba ya wakati ule nayo ilikuwa bado inavumilia ubaguzi katika mambo ya ndoa na mirathi.

Jaji Rawal aliyapima yote hayo. Akatazama uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2005 katika kesi ya Rono, uliokataa binti apunjwe kwa kisingizio kwamba ataolewa. Akatazama na mkataba wa kimataifa wa haki za wanawake, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1984. Kisha akasema kwamba mila inayomnyima binti urithi wa baba yake kwa sababu tu ni binti inapingana na haki, na mahakama haiwezi kuitekeleza. Mabinti wa ole Ntutu wakahesabiwa warithi.

Najua mzee mmoja hapo kijijini atauliza: Mhindi anajua nini kuhusu ng'ombe wa Mmasai? Shangazi zangu wameulizwa swali la namna hiyo maisha yao yote. Umeolewa, wewe ni wa ukoo mwingine, ya hapa yanakuhusu nini? Rawal alikuwa jaji wa nchi hii kwa sheria ya nchi hii, na shangazi ni mtoto wa babu. Kwangu hoja inaishia hapo.

Wala msiseme hayo ni ya Kenya. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, ambaye baadaye alifanya kazi Mahakama Kuu hapo hapo Dodoma, aliamua Mwanza kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume yeyote wa ukoo. Lakini kanuni za urithi wa kimila za mwaka 1963, zinazomweka binti nyuma ya kaka zake, hazikufutwa. Wajane wawili wa Kisukuma walizipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Hilo linaniuma.

Nimewahi kukaa kwenye korido za mahakama ya Milimani hapa Nairobi, pale wanapongoja watu wa mirathi. Wanawake wengi wanakuwa na bahasha ya plastiki: cheti cha kifo, nakala za vitambulisho na barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu. Niliyekaa naye siku hiyo aliifungua barua yake, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akafika kwenye jina lake. Lilikuwa la mwisho, chini ya wadogo zake wa kiume, lakini lilikuwepo. Kama lisingekuwepo, angekuwa na kazi ya kumshawishi jaji kwamba yeye ni mtoto wa baba yake.

Kwetu karatasi hiyo ni muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Baba mdogo, wewe ndiye utakayeuandika. Waandike shangazi zangu wote, walioolewa na wasioolewa, kwa majina yao kamili, na wawepo wakati unasomwa. Nanyi shangazi zangu, karatasi ambayo hamjasomewa msiitie dole gumba.