Mashua ya Tajiri Katika Mto wa Mpunga

Kila mwaka, baridi inapokaribia katika Marekani ya kaskazini, matajiri wengi hutaka mashua zao za fahari, ziitwazo yoti, zipelekwe kusini hadi Florida, ambako kuna joto. Wengine hawana nafasi ya kusafiri nazo. Basi huajiri nahodha na baharia mmoja au wawili, huwapa funguo na fedha za mafuta, kisha huenda kuipokea mashua gatini. Nahodha hulipwa kwa siku au kwa maili, na kila mkwaruzo utakaoonekana ubavuni ni juu yake kuueleza.

Njia yao si bahari kuu peke yake. Kutoka Norfolk, katika jimbo la Virginia, hadi Miami iko njia ya ndani, maili 1,000 na zaidi, iliyounganishwa kwa mito, hori na mifereji ya kuchimbwa. Katika safari hiyo ndefu iko siku moja ambayo mabaharia wengi huingojea kwa hamu, nayo ni siku ya kushuka mto Waccamaw, katika South Carolina.

Siku hiyo huanza kwa mashaka. Karibu na kijiji cha Little River mashua huingia mfereji mwembamba uliokatwa katika mwamba, na mawe makali yamejificha chini ya maji kandokando. Kabla ya kuingia, nahodha hutangaza kwa redio kwamba anapita, maana akikutana humo na tishari kubwa hana pa kukimbilia. Sehemu hiyo ndiyo ya mwisho ya njia nzima kukamilika, mwaka 1936, na daraja la chuma la Socastee, lililojengwa mwaka huohuo, hugeuka kama mlango ili mashua zipite. Magari ya watu waendao kazini husimama pande zote mbili yakingoja, na pengine mashua yenyewe ina watu wawili tu. Wenye magari hawalifurahii jambo hilo, wala haishangazi.

Mbele ya daraja mfereji hufunguka, na mto wenyewe huonekana. Maji yake ni meusi kama chai iliyokolea. Si uchafu, bali ni rangi itokayo katika majani na magome yaozayo vinamasini. Kandokando imesimama misaipresi. Msomaji asidhani kuwa ni ile ipandwayo Kenya kuzunguka mashamba. Hii ni jamii nyingine, iotayo majini, yenye mizizi inayochomoza juu kama magoti ya mtu aliyeketi, na ifikapo Novemba majani yake hugeuka rangi ya kutu na kupukutika. Juu ya nguzo za kuongozea mashua ndege walao samaki wamejenga viota vya vijiti. Nyumba ni chache. Nahodha hupunguza mwendo, maana magogo yaliyozama nusu yaweza kuvunja rafadha, nayo rafadha si mali yake.

Mgeni apitaye hapo husema kuwa huu ni msitu ambao haujaguswa na mkono wa mtu. Amekosea sana. Akitazama vizuri, ng'ambo ya matete ataona matuta ya udongo yaliyonyoka, na mitaro iliyokatana kwa pembe sawasawa. Hayo yalikuwa mashamba ya mpunga, na waliofyeka misaipresi, wakang'oa visiki na kuinua matuta hayo kwa majembe, wamesimama topeni kati ya nyoka na mbu, ni Waafrika waliouzwa utumwani. Wengi walitoka nchi za Afrika ya Magharibi ambako mpunga ulilimwa tangu kale.

Kazi yao ilikuwa ya akili nyingi. Bahari ikijaa, husukuma nyuma maji ya mto, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu. Katika tuta lilizikwa sanduku refu la mbao lenye kilango kila upande. Maji yakijaa, kilango kilifunguliwa na shamba likanywa. Yakipwa, maji yalitolewa. Aliyekosea saa aliingiza chumvi, na mpunga ukafa. Wavunaji walitwanga kwa kinu na mchi, wakapepeta kwa nyungo za nyasi zilizosukwa, kama ifanywavyo Afrika hata leo.

Kufikia mwaka 1840 wilaya ya Georgetown ilitoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani. Wakati huo, katika kila watu kumi wa wilaya hiyo, zaidi ya wanane walikuwa watumwa. Vita vilipokwisha mwaka 1865 na watu wakawa huru, mashamba yalianza kufifia. Dhoruba zikabomoa matuta, na mwanzoni mwa karne ya 20 kilimo hicho kikaisha.

Watu hawakuisha. Mashua hupita kando ya kisiwa cha Sandy Island, ambako walioachiwa huru walinunua ardhi na wajukuu wao wanakaa hadi leo. Hakuna daraja, na watoto wamekuwa wakivuka kwa boti kwenda shule. Hawa ni wa kabila la Wagullah, na katika lugha yao yamo maneno ya Afrika. Karanga, kwa mfano, huitwa guba, neno lililotoka Kongo na Angola.

Jioni mto hupanuka na mnara wa saa wa mji wa Georgetown huonekana. Chini ya saa hiyo, katika soko la zamani, iko nyumba ya makumbusho ya mpunga. Nahodha hatii nanga kabla ya kutazama maji yanapwa au yanajaa. Kisha huandika daftarini maili alizokwenda, karibu 58, na mafuta yaliyotumika, apate kumwonyesha tajiri.