Kivuli Huhama

Mwezi huu twaomba radhi kuwasimulia habari za mbwa. Huenda wengine wakasema, Mbwa naye ana habari gani hata aandikiwe? Lakini jambo hili lilitupata nyumbani mwetu wenyewe, na kosa lilikuwa letu; basi ni afadhali tuliseme, ili mwingine asilirudie.

Sisi tulikaa miaka mingi Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako wakati wa baridi mtu huvaa koti hata mchana. Huko tulifuga mbwa, jina lake Simba, mwenye manyoya mengi, mlinzi hodari na rafiki wa watoto. Mwezi wa Desemba mwaka 2015 tulihamia Tanga, tukashuka naye. Wakaao pwani wajua ya kuwa hizo ndizo siku za kaskazi, jua ni kali na hewa ni nzito kwa unyevu. Sisi tulijipunguzia nguo. Yeye hakuweza kulivua koti lake.

Siku moja ya Februari 2016 tulialikwa arusini. Asubuhi tulimfunga Simba kwa mnyororo upande wa magharibi wa nyumba, maana ndiko kulikokuwa na kivuli kizuri, tukamwekea bakuli la maji, tukaenda zetu bila wasiwasi. Tuliporudi saa tisa, kivuli kilikuwa kimehamia mashariki, bakuli limepinduka, na Simba amelala juani, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Kando yake alichutama mzee jirani yetu, mvuvi, ambaye mwenyewe hafugi mbwa, naye alikuwa akimmwagia maji kwa kata. Akatutazama, akasema kwa upole, “Mwalimu, kivuli huhama. Mwenye miguu hukifuata. Huyu wako amefungwa.”

Hatukuwa na jibu. Simba alikufa kabla ya jua kuchwa. Watoto walilia, nasi tulilia pamoja nao, tena kwa aibu, maana mkono uliofunga mnyororo ule ulikuwa wetu.

Baadaye tulikwenda kwa daktari wa wanyama ili tujifunze tulichopaswa kukijua mapema. Mwanadamu hupozwa na jasho la mwili mzima. Mbwa hana jasho ila kidogo nyayoni. Njia yake kubwa ni kutweta, ulimi ukiwa nje, ili mate yakauke na kuchukua joto. Lakini hewa ikijaa unyevu, kama ilivyo pwani, mate hayakauki upesi, na kutweta kwake hakumfai sana. Joto la mwili wake kwa desturi ni digrii 38 na 39; likipita 41, yu karibu na kufa. Mbwa atokaye nchi ya baridi huhitaji majuma kadhaa ili azoee hari. Walio wanene, wazee, watoto, na wenye pua fupi hushindwa upesi kuliko wengine.

Basi, yatupasa kufanyaje? Kwanza, mbwa awe na kivuli cha kutwa nzima, wala si cha asubuhi tu. Kibanda cha mabati kilicho juani si kivuli, ni tanuri. Makuti ni bora, na upepo upate kupita. Maji yawe mengi, katika chombo kizito kisichopinduka, nayo yabadilishwe mara kwa mara. Atembezwe alfajiri au usiku. Mchana, weka kwanza mgongo wa mkono wako juu ya lami au mchanga: ikiwa huwezi kuvumilia kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Usimnyoe manyoya mpaka ngozi, maana humkinga na jua, mchane tu. Wala usimwache ndani ya motokaa, hata kwa dakika chache, hata kama madirisha yamefunguliwa kidogo.

Ukimwona anatweta bila kupumzika, mate yake ni mazito, ufizi umekuwa mwekundu mno, anapepesuka au kutapika, usingoje. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, umpepee bila kuchoka. Usimfunike kwa kitambaa kilicholowa na kumwacha hivyo, maana joto hushindwa kutoka. Akitaka kunywa, anywe mwenyewe kidogo kidogo; usimmiminie kinywani. Kisha mpeleke kwa daktari, hata akionekana amepona, kwa kuwa madhara ya ndani huweza kutokea baadaye.

Sasa tunaye mbwa mwingine. Hafungwi mnyororo mchana. Ana ua wenye mwembe, na kibanda cha makuti chini yake. Watoto wamegawana zamu za maji, na mwenye zamu hali chakula cha mchana kabla hajatazama bakuli. Yule mzee naye, arudipo kutoka pwani na nyavu zake begani, husimama mlangoni na kuuliza, “Mwalimu, leo kivuli kimefika wapi?” Nasi hatujibu kabla hatujatoka nje kukitazama.

Nanyi, ndugu zetu walimu, na akina baba na akina mama wenye nyumba, kiumbe tuliyemfunga hana msaada ila wetu sisi tuliomfunga. Kila mtokapo asubuhi, msitazame kivuli kilipo. Tazameni kitakapokuwa saa nane.