Tovuti Kuukuu
Msomaji, tovuti ya masomo niliyokabidhiwa hapa Kitale ilikuwa kama ghala lenye magunzi mengi na mahindi machache. Rangi na ukubwa wa herufi viliandikwa upya katika kila ukurasa, ingawa tangu mwaka 1996 iko lugha ya mitindo, CSS, ambayo faili lake moja huvisha kurasa zote. Nilifuta mengi kuliko niliyoandika. Masomo yenyewe sikuyagusa, maana aliyeyatunga alikuwa fundi wa kufundisha. Yuko mwanachuo wetu aliye katika mazoezi ya kufundisha kijijini Bungoma; usiku huandaa somo la kesho kwa simu, na ukurasa wa zamani ulikuwa ukimlia fedha za intaneti kabla hajauona mfano wa kwanza.