Jina Lisilochorwa

Mwaka 2014 nilikuwa na laputopu ya mtumba, Python 2.7 na kiburi. Baba mdogo alikuwa karani wa chama kimoja cha wakulima wa kakao upande wa Ipinda, Kyela, na yeye alikuwa na kitabu cha karatasi za kaboni, kalamu nyekundu na rula ya mbao iliyomeguka ncha. Mkulima akisimama mezani, mzee anatafuta jina, anaweka rula, anachora mstari, mkulima anatia dole gumba. Ndipo noti zinahesabiwa. Nilimuuliza kwa nini asilipe kwanza, foleni iende.

"Mwanangu, jina lisilochorwa hulipwa tena."

Nikacheka. Nikaandika skripti: inasoma faili la mizani, inapiga hesabu, inamchapia kila mkulima hati ya malipo, na mwisho kabisa, watu wote wakiisha, inahifadhi orodha ya waliochapiwa. Mvua ya Kyela haibishi hodi. Aprili ile umeme ukakatika printa ikiwa katikati ya kazi. Uliporudi nikaiwasha skripti, nayo kwa utiifu wake wote ikaanza upya kutoka jina la kwanza. Watu 17 wakapata hati mbili. Wengi walirudisha hela. Wawili walikuwa wameshavukia Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu, na pengo lao baba mdogo aliliziba kwa mshahara wake bila kunitaja kwa mtu.

Kosa la pili lilikuwa dogo, ila ndilo linaloniuma zaidi, maana hakuna aliyeligundua. Python ya wakati ule, ukigawa namba nzima kwa namba nzima, mabaki inayatupa: gramu 999 gawa kwa 1000 ni sifuri. Mimi niligawa kwanza nipate kilo, ndipo nikazidisha kwa bei. Kila mkulima akapoteza kipande cha kilo. Mzee alikuwa akizidisha kwanza, kugawa mwisho.

Siku hizi, kwa lugha ya Solidity, naandika mikataba-janja, yaani programu zinazokaa kwenye blokicheni. (Jina lenyewe la mashaka; mtu mjanja nani humkopesha?) Huko nako hakuna desimali, na kugawa kunatupa mabaki vilevile, kwa hiyo uzito nauweka kwa gramu, fedha kwa senti, kisha nafuata mpangilio wa mzee. Na mkataba ukishapanda kwenye blokicheni, huwezi kuufungua ukasahihisha neno.

Juni 2016 mkataba ulioitwa The DAO, kwenye blokicheni ya Ethereum, ulichotwa sarafu za etha kama milioni 3.6. Ulikuwa ukitoa fedha kwanza, ndipo ukipunguza salio. Mkataba wa mwizi ulipopokea, kabla salio halijaguswa, uliomba tena, ukapewa, ukaomba tena. Nilipoisoma habari ile niliona rula iliyomeguka ncha.

Mwaka jana nilimfuata baba mdogo Matema, anakoishi sasa. Milima ya Livingstone ilikuwa imejifunika mawingu hadi kiunoni. Nikafungua laputopu kando ya sahani za wali na mbasa, nikamwonyesha kazi yangu. Akavaa miwani, akauliza mstari wa kuchora jina ni upi. Nikamwonyesha. Wa kulipa je? Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye kioo, akakishusha polepole toka mmoja hadi mwingine.

"Huu uko juu ya ule?"

"Uko juu, baba."

"Haya. Kula, wali unapoa."

Habari ya wale wawili wa Kasumulu hakuigusa, na mimi sikuthubutu kuianza.