Malindi: Uzi upi humhimili mvuvi?

Wengi wetu tunaotoka bara tukifika Malindi hukimbilia mnara wa Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika huko mwaka wa 1498. Hupiga picha, kisha tukarudi hotelini. Safari ijayo, mpenzi msomaji, wapeleke watoto ufuoni asubuhi, wavuvi wanaporejea na ngalawa zao. Ukimwona mzee ameketi kivulini akikunja mshipi, mwamkie "Shikamoo", kisha utazame mikono yake. Huupitisha uzi polepole kati ya vidole viwili, akipapasa pale ulipokwaruzwa. Akipapata hupakata. Afadhali kupoteza pima moja nchi kavu kuliko mshipi kukatika baharini na kwenda na samaki, ndoana, chubwi na karo ya mtoto.

Zamani mishipi ilikuwa ya pamba au kitani, na ililazimu kuanikwa kila baada ya kazi, la sivyo ilioza. Mwaka wa 1935 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani, walivumbua nailoni, ambayo haiozi hivyo. Hadi leo nailoni ndiyo kipenzi cha mvuvi wa mkono. Bei yake ni nafuu, hunyumbuka samaki anapovuta kwa ghafla, na kwa kuwa ni uzi mmoja mnene, hustahimili kusuguliwa.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu. Jua nalo huidhoofisha siku baada ya siku. Ndiyo maana mvuvi mwangalifu huuweka mshipi wake kivulini.

Uzi wa pili ni wa kusukwa, uliotengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za jamii ya polithini. Haunywi maji, huelea, na ukiulinganisha na nailoni ya unene uleule, una nguvu maradufu na zaidi. Lakini bahari ya Malindi ina matumbawe, ambayo serikali iliyatengea hifadhi za Malindi na Watamu mwaka wa 1968. Katika baadhi ya maeneo hayo ya hifadhi kuvua ni marufuku, ila miamba ipo hata nje yake. Uzi wa kusukwa ukivutika na kugusa mwamba, nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine. Tena haunyumbuki, hivyo samaki mkubwa akivuta, huchana vidole.

Wa tatu ni florokaboni. Huu hauli maji, hausumbuliwi na jua, huzama upesi na samaki hauoni kwa urahisi. Taabu yake ni bei na ugumu wake, kwa hivyo wengi hufunga kipande kifupi tu karibu na ndoana. Na ukimtafuta nguru, mwenye meno kama wembe, hapo hakuna uzi wa kutegemewa. Weka kipande cha waya.

Basi uimara wa uzi hutegemea pale unapovulia. Kwa mkono, kwenye miamba, chukua nailoni nene. Kilindini pasipo miamba, wa kusukwa utakufaa. Na wowote utakaouchagua, huo hukatikia fundoni mara nyingi. Lilowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa maana msuguano huleta joto, na joto huupunguzia uzi nguvu.

Wanafunzi walifikirie pia jambo hili. Uzi wa pamba ukipotea baharini ulioza ukaisha. Nyuzi za leo hukaa humo miaka na mikaka, zikiyazonga matumbawe na kuwanasa kasa shingo na mapezi. Mwendo mfupi kusini mwa Malindi, huko Watamu, kuna kituo kinachowauguza kasa walioumia. Sifa ileile anayoilipia mvuvi dukani ndiyo inayomdhuru kasa.

Kwa hivyo mnapotembea ufuoni na watoto, okoteni vipande vya uzi mnavyoviona mchangani. Vikateni vifupi vifupi kabla ya kuvitia kwenye pipa la taka, visije vikamnasa ndege au paka. Kazi hiyo haihitaji ngalawa wala ndoana.