Jina la Jioni ya Mishumaa

Likizo ya Noeli vijana wa kigango chetu hapa Chimala walinipa kazi: kuchora nembo na kutafuta jina la jioni ya mishumaa wanayoiandaa kwa sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, tarehe 2 Februari.

Nembo haikunisumbua sana. Wengine walitaka mwenge. Lakini mwenge una wenyewe: uliwashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, umo katika nembo ya taifa, na hukimbizwa nchi nzima. Tukiuchora, watu watauliza mkuu wa wilaya anafika saa ngapi. Nikachora mshumaa ambao moshi wake unajipinda kama barabara ya Matamba. Wenyeji wanaelewa: gari likishuka usiku zile kona 57, taa zake huonekana, hupotea, huonekana tena.

Jina ndilo lililotushikilia. Pendekezo la kwanza lilikuwa "Usiku wa Mwanga". Sasa, Kiswahili kina mwanga wa aina mbili: huu unaoangaza, na yule ambaye wingi wake ni wanga, anayeroga usiku. Vijana walicheka. Mama mmoja wa jumuiya hakucheka. Mama yake mzazi ni mjane. Usingizi umemkimbia kwa uzee, huamka saa nane usiku kusali rozari, na tayari wapo majirani wanaosema taa ile si ya bure. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Aristotle anafundisha kwamba jina hubeba maana kwa makubaliano ya watu. Sawa, lakini makubaliano ya Chimala hayafanyikii darasani kwetu.

Nikarudi kwenye Injili ya siku yenyewe. Simeoni tunamkumbuka wote. Ana tunampita haraka, ingawa Luka anajali hata kutaja miaka yake, 84: mjane asiyetoka hekaluni, anayesali usiku na mchana. Mitaani kwetu angekuwa ameshapewa jina. Wakristo wa Mashariki huiita sikukuu hii Hypapante, neno la Kigiriki lenye maana ya kukutana, kwenda kumlaki mtu. Hata Roma jina limebadilika. Kabla ya kalenda mpya ya 1969 iliitwa Kutakaswa kwa Bikira Maria.

Nikapendekeza "Jioni ya Kumlaki". Wawili walisema halina mvuto kwenye fulana, na kwa fulana pengine wana haki. Likapita kwa kura.

Kwenye nembo nimeongeza mkono wenye makunyanzi ulioshika mshumaa. Mchora mabango alitaka kuulainisha, nikamwomba auache. Maandamano yataanzia uani kwa yule bibi, na yeye ndiye atakayewasha mshumaa wa kwanza. Amekubali. Ameuliza tu kama kutakuwa na kiti.